Haibridi ya Mtumba na Vumbi la Kibondo

Magari ya haibridi yaliyokwisha kutumika Japani sasa yanawavutia wengi kwa kula mafuta kidogo. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997.

Wapo wanaodhani ni lazima lichomekwe kwenye umeme. La hasha! Betri hujazwa na injini, na pia kila ukanyagapo breki. Kwa hiyo mteremko wa kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni faida, ila betri ikishajaa njiani, breki hubaki peke yake. Kama gari lako lina gia ya B, itumie.

Kasheshe ni vumbi. Katika mengi ya magari haya betri kubwa hukaa nyuma ya kiti cha abiria, na feni huipoza kwa hewa ya humo ndani. Sasa mtu anatoka vijijini Kibondo kiangazi, vioo wazi, gunia la maharage limeziba tundu la feni! Betri ikifa, fedha ya mavuno ya misimu miwili huenda isitoshe.

Nyaya za rangi ya chungwa nazo hubeba zaidi ya volti 200. Si za fundi wa kubahatisha. Kabla hujalipa, muulize muuzaji betri ilipimwa lini, na nani aliyeipima.