Kuchagua Baina ya Geji ya Mrija na Geji ya Waya: Mada kwa Mafundi na Wenye Magari wa Mathare



Katika karakana zilizotapakaa kandokando ya Juja Road, kutoka Pangani hata Huruma, na zile zilizoshuka bondeni Mathare, mas'ala ya geji huletwa aghalabu baada ya msiba, yaani injini imekwisha kuchemka, hedi imepinda, gasketi imeungua, na mwenye gari amesimama kando akiuliza vipi mshale wa dashibodi ulikuwa umetulia katikati hata dakika ya mwisho. Jawabu ni kwamba geji nyingi za kiwandani zimeundwa kwa makusudi zisimtie dereva wasiwasi: mshale hukaa mahali pamoja katika masafa mapana ya joto, na ukianza kupanda, hasara nayo imekwisha kuanza. Ndipo huyo mwenye gari akaenda Kirinyaga Road, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Grogan, kutafuta geji ya ziada, na huko akaulizwa na muuzaji kama ataka ya mrija au ya waya.

Geji ya mrija ndiyo kongwe. Asili yake ni ya Mfaransa Eugène Bourdon, aliyepata hataza yake mwaka 1849, na dhati ya hekima yake ni nyepesi: bomba bapa lililopindwa mfano wa mwezi mwandamo, likiingiwa na presha, hutaka kunyooka, na kule kunyooka kwake ndiko kunakousukuma mshale. Atakaye kuziona babu za geji hizi na aende Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, azitazame katika vyumba vya madereva wa magarimoshi ya mvuke. Ndani ya gari letu kanuni ni ile ile. Upande wa presha ya oili, mrija mwembamba wa shaba au nailoni huipeleka oili yenyewe kutoka injini hadi nyuma ya geji, na upande wa joto, tungi dogo huzamishwa katika maji ya injini likiwa na kimiminika chepesi kuvukiza, ambacho mvuke wake hupanda na kushuka ndani ya mrija uliofungwa kabisa. Hakuna betri inayohitajiwa. Geji ya waya, kwa upande wake, haipelekewi oili wala mvuke. Sensa iliyofungwa injini hubadilisha ukinzani wake kwa kadiri ya joto au presha, na mkondo wa umeme upitao hapo ndio unaousogeza mshale.

Wauzaji husema ya mrija ni sahihi zaidi, na zamani kauli hiyo ilikuwa na ukweli mwingi, lakini mimi sioni kuwa usahihi ndio mzani wa kupimia khiyari hii, maana dereva wa matatu hahitaji kujua kama maji yamefika nyuzi 91 ama 93. La kupimia ni hili: geji ikiharibika, itasema nini? Geji ni shahidi, na shahidi mwenye hatari ni yule anyamazaye ilhali sura yake yaonesha amani. Waya wa geji ya oili ukikatika, katika magari mengi ya Kijapani mshale huanguka sifuri, dereva hushtuka na kusimama, na hasara ni muda tu. Lakini waya wa geji ya joto ukikatika, mshale vilevile huanguka, nao sifuri ya joto maana yake ni baridi, basi dereva hufurahi na kuendelea. Mrija wa joto ukivunjika, uongo ni huo huo. Ama mrija wa oili ukipasuka, hapo shahidi hupiga kelele kupita kiasi, kwani oili ya moto humwagika, na katika HiAce, ambayo injini yake i chini ya viti vya mbele, humwagika karibu na miguu ya dereva na ya abiria aliyelipa nauli yake kwa amani.

Tofauti ya pili, nayo ndiyo iliyonielemea zaidi, ni ya matengenezo. Mrija wa oili ukipasuka, fundi yeyote ataukata, atauunga ama atatia mwingine, na kazi yaisha kabla ya adhuhuri. Mrija wa geji ya joto haukatwi wala haurefushwi wala hauungwi. Ukipindwa mara moja kwa pembe kali, au tungi lake likichomolewa kwa kulazimishwa na spana, kimiminika chatoka na geji nzima ni ya kutupwa. Waya hauna taksiri hiyo. Fauka ya hayo, waya huchunguzwa kwa dakika moja: uchomoe kwenye sensa, ugusishe chuma cha injini, na katika geji nyingi mshale wa joto utapanda hadi mwisho; usipopanda, shahidi amekufa.

Kwa hiyo rai yangu ni ya mseto: oili ipimwe kwa mrija wa shaba, uliozungushwa mara moja au mbili karibu na injini ili mtikiso usiuvunje, nao upitishwe mbali na ekzosti, na joto lipimwe kwa waya. Asiyeweza kuufunga mrija kwa adabu, na achukue waya kwa vyote viwili.

Jambo moja laniudhi, ruhusuni niliseme. Geji mpya hujaribiwa kwa kutumbukiza tungi ama sensa katika sufuria ya maji yanayochemka, jaribio zuri sana, kisha mshale ukisimama karibu na 94 badala ya 100, geji hulaaniwa na kurudishwa dukani. Geji haina kosa. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na kwa kimo hicho maji hayangoji nyuzi 100 ndipo yachemke. Kwa sababu hiyo hiyo rejeta ambayo kifuniko chake kimelegea huchemka hapa mapema kuliko Mombasa, na fundi atafutaye ubovu angeanza na kifuniko.

Yaliyosalia ni ya mikono. Injini za Kijapani aghalabu huwa na tundu la thumni ya inchi lenye nyuzi 28 kwa inchi, ilhali geji za Kimarekani huja na nyuzi 27. Zitaingia mizunguko michache kisha zitakaza, na anayeongeza nguvu atapasua bloku, basi atafute kiunganishi kifaacho. Utepe mweupe wa mabomba usizungushwe kwa wingi kwenye sensa ya waya mmoja, maana sensa hiyo hupata njia ya umeme kupitia nyuzi zile zile. HiAce hutumia volti 12, na basi la Isuzu aghalabu volti 24, na geji ya 12 iliyotiwa kwenye 24 huungua. Na swichi ya taa ya oili iliyokuja na gari isichomolewe ili kupisha geji. Itiwe kiunganishi cha njia tatu, taa na geji vikae pamoja.