Ewe Shabiki, Ulimi Wako na Fulana Yako Pia Vimefunga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana ambao ndio hasa nawakusudia!

Ramadhan ikiingia, mitaa yetu ya Pwani huwa na mipira yake. Wengine hucheza alasiri wakingojea adhana ya magharibi, wengine hucheza usiku watu wakishatoka tarawehe. Na Idi ikifika ndiyo kabisa, uwanja hujaa tangu wazee mpaka watoto wa kubebwa. Sikusimama hapa kuwaambia kuwa mpira ni haramu. La! Nataka tuzungumzie sisi tunaosimama pembeni mwa uwanja: tunasema nini, na tumevaa nini.

Mtume (s.a.w.) na mchezo wa Wahabeshi

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa siku ya Idi, Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume, Madina. Bibi Aisha (r.a.) akatazama mchezo ule akiwa nyuma ya Mtume (s.a.w.), naye akimsitiri kwa shuka yake. Wala hakumharakisha. Alisimama naye mpaka mwenyewe akatosheka.

Angalieni jambo hili vijana. Mchezo upo, watazamaji wapo, na mtu yuko na ahli yake. Ina maana familia kwenda kutazama mchezo kuna asili katika dini yetu. Sasa jiulize: uwanja wetu wa mtaani leo, mtu anaweza kwenda na mkewe na binti yake akasimama nao mpaka watosheke, bila ya kuinamisha uso kwa haya?

Refa akipuliza filimbi tu, anatukaniwa mama yake. Golikipa akifungwa, anatukanwa kwa maumbile yake. Na mtoto wa miaka sita amekaa mabegani kwa babake, anasikia yote. Kesho utamsikia anayarudia mlangoni, na nyumba nzima inashangaa, huyu mtoto kafunzwa na nani? Kafunzwa na sisi! Na yule mama aliyekuja mara moja harudi tena. Wala hatakwambia kwa nini. Atasema ana kazi za jikoni. Hivyo ndivyo uwanja wa jamii nzima unavyogeuka kuwa wa wahuni wachache, na hakuna aliyefukuzwa kwa fimbo.

Fulana nayo inasema

Wengi tunadhani tusi ni la mdomo tu. Fulana pia ina mdomo. Tunanunua mitumba Kongowea, tunaangalia rangi na saizi, hatusomi maandishi. Kijana anakuja uwanjani na fulana ina picha ya mwanamke nusu uchi, au jani la bangi, au maneno ya Kiingereza ambayo lau angeyatamka kwa Kiswahili mbele ya ami yake angekula kofi. Kwa hivyo kabla hujalipa, soma. Kama hujui maana yake, uliza.

Njoo kwenye jezi. Liverpool walivaa tangazo la bia ya Carlsberg kifuani tangu 1992 hadi 2010. Everton walivaa la bia ya Chang tangu 2004 hadi 2017. Kisha yakaja makampuni ya kamari, mpaka Aprili 2023 vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vikakubaliana kuondoa kamari mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Lakini jezi zilizokwisha chapishwa zina umri mrefu, na mitumba haina haraka. Sasa wewe umetoka uwanjani mbio kuwahi sala, umesimama safu ya kwanza. Imamu akitoa salamu akageuka, anasoma tangazo la pombe kifuani kwako. Hiyo ni heshima?

Usiniambie haiwezekani. Hashim Amla, Mwislamu wa Afrika Kusini, alicheza kriketi ya kimataifa katika timu iliyodhaminiwa na bia ya Castle. Jezi yake haikuwa na nembo ile. Je, kiwango chake kilishuka? Julai 2012, katika uwanja wa The Oval, London, alipata mikimbio 311 bila kutolewa, na akawa mchezaji wa kwanza wa Afrika Kusini kufikisha 300 katika mechi ya Test. Mchezaji mwenyewe ameweza, wewe shabiki unashindwa na nini?

Kibaba kimoja kwa wote

Katika Kombe la Dunia la Qatar, Novemba 2022, mashabiki fulani wa Uingereza walikwenda uwanjani wamevaa kama wapiganaji wa vita vya msalaba, na kofia za chuma na panga za kuchezea. Kwao pengine ni vazi la furaha tu, la kumkumbuka mtakatifu wao George. Lakini Mwislamu akiona vazi lile anakumbuka Baytul Maqdis ilivyotekwa mwaka 1099 na watu wake wakachinjwa, mpaka Salahuddin alipoirudisha mwaka 1187. FIFA ikasema mavazi hayo, katika nchi za Kiarabu, yanaweza kuwaudhi Waislamu. Mashabiki wakaambiwa wayageuze ndani nje au wabadilishe.

Tulifurahi, sivyo? Tukasema haki imetendeka. Basi na sisi tupimwe kwa kibaba hicho hicho. Suratul Mutaffifin inawaonya wale ambao wakipimiwa wao wanataka kijae, na wakiwapimia wengine wanapunja. Tunataka tusiudhiwe, lakini timu ikitoka mtaa wa pili tunaiimbia nyimbo za kabila lao. Mchezaji mweusi zaidi yetu tunamwita jina la mnyama. Jirani yetu Mkristo au Mhindu amekuja kutazama mpira na watoto wake, tunaikejeli dini yake ili watu wacheke. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharau watu na kuitana majina mabaya, wala haikusema isipokuwa siku ya fainali!

Na ubaya wa mashabiki wachache hulipwa na wengi. Agosti 2025 Kenya ilipokuwa mwenyeji wa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, watu walivamia mageti ya Kasarani bila ya tikiti. CAF ikapunguza mashabiki mpaka 27,000 katika uwanja unaobeba zaidi ya 40,000. Waliokosa nafasi hawakuwa wale wavamizi peke yao.

Ukishindwa je?

Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia wake, Al-Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbio. Siku moja bedui akaja na ngamia wake akampita. Maswahaba wakaona uzito. Mtume akawafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kitakachopanda juu ila atakishusha. Hakumtukana bedui, wala hakusema mbio zimeuzwa. Sisi timu ya mtaa imefungwa bao moja la penalti, tunamvizia refa njiani!

Tufanye nini?

Kwanza, wanaoandaa mashindano waweke sharti mapema: fulana ya matusi haiingii. Lakini wasimuaibishe mtu getini. Wawe na fulana chache tupu pale, avae, arudishe mpira ukiisha. Au ageuze yake ndani nje.

Pili, patengwe upande wa familia, wenye kivuli au taa, na vijana wenye haya wasimamie pale.

Tatu, ndugu zangu wanaume, msikimbilie kuwakagua dada zetu walivyovaa. Suratun Nur ilipoamrisha kuinamisha macho ilianza na wanaume, kisha wanawake. Anza na macho yako. Kisha angalia kaptura yako, kwani katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Hilo ni la mchezaji na shabiki pia.

Nne, sahibu yako akitukana, mvute pembeni umnong'oneze. Ukimkemea mbele za watu atatukana zaidi ili asionekane mnyonge. Na shangilieni! Pigeni makofi, mama wapige vigelegele, bao la mgeni likiwa zuri lisifuni.

Vijana wangu, Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mfungaji akitukanwa aseme: mimi nimefunga. Sasa ikiwa hata aliyetukanwa hana ruhusa ya kujibu tusi, vipi yule anayeanza? Na futari haifuturishi ulimi. Ulimi uliofunga mchana haukuruhusiwa matusi usiku kwa kuwa kuna mpira.

Jioni ya leo mkienda uwanjani, nendeni na mama zenu na wadogo zenu. Mkiona mnaona haya kuwapeleka, basi mjue pana kazi ya kufanya, na kazi hiyo ni yenu nyinyi.

Ewe Mola wetu, tutakabalie saumu zetu, zihifadhi ndimi zetu, utusitiri duniani na akhera, na uwaongoze vijana wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.