Simu ya Daktari na Siri ya Mgonjwa

Viongozi wa walei,

Tangu mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 atangazwe nchini mwetu Machi 2020, neno "tiba mtandao" limeanza kusikika hata vijijini: mgonjwa yupo zahanati, daktari yupo mbali, nao wanazungumza kwa simu. Kwa mwambao wetu jambo hili si anasa. Mtu wa Liuli anayemtafuta daktari bingwa hupanda milima hadi Mbinga, na mara nyingi huendelea Songea au Peramiho. Lami ya kilometa 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imepunguza adha, lakini nauli bado hutoka mfukoni mwa mvuvi.

Mfano mwema tunao. Katika mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, mama mjamzito mwenye dharura hupigiwa simu namba 115 bila malipo. Anayepokea huuliza hali yake, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa eneo hilo aliyekwisha kusajiliwa, naye hulipwa na mpango. Tazameni basi: nyuma ya simu kuna gari, na nyuma ya gari kuna fedha.

Lakini nataka kukawia kwenye suala la siri. Katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo hukaa mfukoni mwa baba. Binti atamwelezaje daktari maradhi yake ya ndani? Na bibi asemaye Kimatengo au Kinyasa tu, akitafsiriwa na mjukuu wake wa kiume, je, atasema yote? (Sisi mapadre tunajua watu hunyamaza pale wanaposikiwa na wengine.) Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, zinazostahili ulinzi wa pekee. Sheria hiyo haina nguvu ikiwa mashauri yanafanyika barazani, mbele ya foleni.

Kwa hiyo naomba mlifikishe jambo hili kwenye kamati ya zahanati na serikali ya kijiji. Simu iwe ya zahanati, na vocha isitoke kwenye mshahara wa muuguzi. Kiwepo chumba chenye mlango unaofungwa. Mkalimani awe mtu mzima aliyekubaliwa na mgonjwa mwenyewe. Tena daktari akishauri mgonjwa asafirishwe, ijulikane mapema nani atalipa, hasa usiku ziwa likichafuka.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kisheria kila miezi mitatu. Ulizeni tarehe ya unaofuata.