Safari ya Nuru Ndani ya Chipu



Kuna kauli ninayoisikia kila zinapotajwa chipu za nuru, na jioni hii nimekuja kuipinga. Husemwa kwamba transista zilipungua ukubwa hadi mabilioni yakaenea kwenye kipande kimoja cha silikoni, basi spektromita na mashine za kupiga picha za jicho zitapungua vivyo hivyo, tungoje tu. Juu ya chipu zenyewe sitakawia. Mifereji ya silikoni isiyofika upana wa mikromita moja huongoza nuru, na tangu Stewart Miller alipoandika mwaka 1969 juu ya wazo la kuongoza nuru ndani ya chipu, limesomwa vya kutosha.

Kasoro ya kauli hiyo ni kusahau kazi ya spektromita. Transista hufungua na kufunga. Ikipungua, bado inafungua na kufunga. Spektromita hulinganisha wimbi na wimbi lenyewe lililocheleweshwa. Ili itenge rangi mbili zinazokaribiana, sehemu moja ya nuru lazima isafiri mbali kuliko nyingine. Zidisha urefu wa wimbi kwa wenyewe, kisha ugawe kwa tofauti ya rangi hizo. Mistari miwili ya manjano ya sodiamu iko nanomita 589.0 na 589.6: inadai tofauti ya safari ya takribani milimita 0.58. Silikoni huchelewesha nuru mara tatu hadi nne, hivyo mfereji unaweza kufupishwa kwa kiasi hicho. Deni halifutiki.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu alinyunyiza chumvi ya mezani kwenye moto wa taa ya spiriti akatutaka tuione mistari hiyo. Kifaa kidogo cha kupendeza kilituonyesha mmoja mnene. Kile kizito, kilichochakaa, kikatuonyesha miwili. Sijaacha kulifikiria jambo hilo.

Ndiyo maana kila mwaka narudia andiko la Michelson na Morley la 1887, la majaribio ya Cleveland. Waliweka bamba la jiwe, karibu mita moja na nusu kila upande, likaelea juu ya zebaki ili ligeuzwe bila kutikisika. Juu yake vioo vilirudisha nuru huku na huko hadi safari ya kila mkono ikafikia takribani mita 11. Wengi huwakumbuka kwa etha, kile kilichodhaniwa kubeba nuru, ambayo haikuonekana. Mimi nawaheshimu kwa vioo vile. Mfereji wa mzunguko unaochongwa leo juu ya chipu ni mjukuu wao: mkeka uliokunjwa hubebeka kwapani, na urefu wake ni ule ule.

Wapo watakaonijibu kwamba kompyuta imeondoa haja ya safari, wakitaja chipu ya Redding, Cao na wenzao ya 2013. Ilikuwa na nusu kipenyo cha mikromita 25, na ilitenga nanomita 0.75 karibu na nanomita 1,500. Ni kazi nzuri mno. Lakini piga hesabu ile ile: inadai milimita tatu. Zimetoka wapi? Matundu yaliyotawanywa ovyo yaliirusha nuru huku na huko ndani ya chipu, nayo ikasafiri sana kabla ya kutoka. Kompyuta ilisoma safari, haikuifuta.

Nakiri kwamba kazi nyingi, kama kupima unyevu wa nafaka, huhitaji nanomita kadhaa tu, na hapo chipu fupi yatosha. Jicho ni jambo jingine. Katika mashine ya tabaka za retina, iliyotangazwa 1991 na Huang, Fujimoto na wenzao na baadaye ikapewa spektromita, kina cha picha hutegemea utengaji wa rangi. Kwa nuru ya nanomita 840, spektromita inayotenga nanomita 1 haifiki kina cha hata milimita 0.2; inayotenga 0.1 hukaribia milimita 1.8.

Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi mtakaokaa kwenye kamati za ununuzi na za fedha za utafiti: mkiletewa kifaa kidogo kinachoahidi mengi, ulizeni kwanza nuru inasafiri umbali gani ndani yake, na msitie saini kabla hamjajibiwa.