Masafa na Saa za Safari

Jambo nitakalolizungumza nanyi ni hili: mtu akijua umbali wa mji, ajuaje safari yake itachukua muda gani?

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu, pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakafika Masasi. Njia ile ni karibu maili 90. Mtu akienda maili 15 kila siku, atafika kwa siku sita. Lakini wenye mizigo huchoka, tena hutafuta maji na chakula. Basi hesabu ya karatasi ni moja, na hesabu ya njiani ni nyingine.

Eropleni nazo ni vivyo hivyo. Mwaka 1937 eropleni zinazotua juu ya maji zilianza kupita Lindi, zikitoka Southampton, Uingereza, kwenda Durban. Mwendo wake ulikuwa kama maili 160 kwa saa. Toka London hata Dar es Salaam, kwa njia iliyo fupi kupita zote, ni maili 4,650 hivi. Mwanafunzi akigawanya atapata saa 29. Lakini abiria walikaa njiani siku kadha, kwa kuwa eropleni zile zilitua Alexandria, Khartoum, Kisumu, Mombasa na penginepo kutia mafuta, na usiku abiria walilala nchi kavu.

Eropleni za siku hizi huenda kama maili 550 kwa saa. Gawanyeni tena: ni saa nane na nusu. Ongezeni muda wa kupaa, wa kushuka, na wa kushindana na upepo, mtapata kama saa kumi pasipo kutua njiani.

Sasa jihadharini na saa ya ukutani. Dunia huzunguka, na jua huchomoza kwetu kabla ya London. Wakati wa baridi ya Ulaya, saa zetu zimetangulia zao kwa saa tatu. Mtu akiondoka Dar es Salaam saa mbili asubuhi, akasafiri saa kumi, atakuta saa za London zaonyesha saa tisa mchana, kana kwamba amesafiri saa saba tu. Akirudi vivyo hivyo, atafika kwetu saa tatu usiku, kana kwamba amesafiri saa kumi na tatu. Wala eropleni haikubadili mwendo wake.

Kwa nini mtu wa Chidya ajue haya? Kwa sababu safari yake haianzi Dar es Salaam. Mzazi akiuza korosho zake zote apate nauli ya eropleni tu, mtoto wake hana cha kumfikisha pwani, wala cha kula akingoja. Hesabuni, basi, toka mlangoni penu hata mlango wa mwenyeji wenu.