Nyongeza ya Thamani Ni Mali ya Nani?

Hotuba kwa mkutano wa elimu ya uraia, Elwak



Wazee husema jina la mji huu maana yake ni visima vya Mungu. Kisima cha jamii huwa na utaratibu: nani atangulie kunywesha, nani afukue tope. Pasipo utaratibu, mwenye nguvu hunywesha ngamia wake wote, na mnyonge hurudi na kibuyu kitupu. Leo nazungumzia kisima cha namna nyingine, nacho ni thamani ya ardhi ya mji.

Nchini Marekani, tangu California ilipoanza mwaka 1952, majimbo mengi yameruhusu miji kutumia utaratibu huu. Mtaa hupigwa mpaka, na thamani ya viwanja vyake siku ile huandikwa. Kodi ya thamani hiyo ya kwanza huendelea kugawiwa shule na serikali za mitaa kama zamani. Lakini kodi ya nyongeza yote huingia katika mfuko wa mtaa ule peke yake, ilipie barabara, mifereji na madeni ya ujenzi. Katika jimbo la Illinois muda wake kwa kawaida ni miaka 23.

Sheria ya jimbo hilo haikuuachia mji ufanye upendavyo. Hudai ithibitishwe kwamba mtaa umechakaa au unaelekea kuchakaa, pawe na mpango ulioandikwa, wananchi wasikilizwe, na wanaogawana kodi hiyo wapewe nafasi ya kuuchunguza. Hata hivyo, mjini Chicago wakosoaji walilalamika kwa miaka mingi kwamba hata mitaa ya katikati, penye majumba ya fedha, ilipewa mifuko. Huko California, bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 2011, na Februari 2012 mamlaka zipatazo 400 zilizoendesha mifuko hiyo zikavunjwa, kwa kuwa jimbo lilihitaji fedha hizo kwa shule na huduma nyingine.

Ndugu zangu, mtauliza: Chicago na Elwak wapi na wapi? Kumbukeni Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965. Ulisema fedha za maendeleo zipelekwe penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri, ili zizae upesi. Sisi wa Kaskazini Mashariki tuliachwa nje ya hesabu hiyo. Kanuni ya kila mtaa kula ukuaji wake, isipowekewa mipaka, ni mtoto wa waraka ule.

Katiba ya mwaka 2010 ilikataa fikira hiyo. Kifungu cha 203 kinazipa kaunti zote fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Cha 204 kinatenga nusu ya asilimia moja, kwa miaka 20, kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizosahauliwa. Cha 209 kinazipa kaunti haki ya kutoza kodi ya ardhi na majengo.

Sasa tazameni barabara ya kutoka Isiolo, kupitia Wajir na Elwak, hadi Mandera. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo kwa ajili yake, na deni hilo ni la Wakenya wote. Lami ikipita, ploti iliyo kando yake hupanda bei, ingawa mwenyewe hakuongeza hata tofali. Nyongeza hiyo ni ya nani? Ikiachwa bure, ataivuna aliyepewa ploti kwa siri. Ikifungiwa katika mfuko wa katikati ya mji, zahanati ya kijiji cha wafugaji itapungukiwa, maana kodi hiyo ni ya kaunti nzima.

Kwa hiyo natoa madai manne. Kwanza, ardhi ya jamii isajiliwe chini ya Sheria ya mwaka 2016 kabla ya mpaka wowote wa mji kupigwa. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Hakukosa haki, alikosa mtetezi. Pili, thamani ya kwanza isomwe hadharani, kwa Kisomali na Kiswahili. Tatu, mfuko wowote uwe na mwisho, na sehemu ya nyongeza iende vijijini tangu mwaka wa kwanza. Nne, hesabu zitolewe kila mwaka.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mkakati wa fedha wa kaunti ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Siku hizo msibaki nyumbani. Imamu atangaze msikitini, na mchungaji atangaze kanisani. Nendeni mkaulize, na majibu yaandikwe.

Babu zetu hawakungoja kiu ndipo waweke zamu ya kisima. Nasi tusingoje lami ikauke.