Kijana Aendaye Mjini Si Mtoro

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Korogwe)



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakisha kutangazwa, huonekana hapa Korogwe jambo lile lile. Vijana wenye mabegi husimama kando ya barabara kuu wakingoja basi la Dar es Salaam. Wazee husema, "Wametoroka." Nasi tuliowasomesha husikitika kidogo, kisha tukaendelea na kazi zetu. Napenda leo tujiulize kama neno hilo ni la haki.

Mwaka 1979 nami nilisimama pale pale, nikiwa na umri wa miaka 20 na anwani ya mjomba wangu aliyeishi Magomeni. Mjomba alikuwa na chumba kimoja, mke na watoto wanne. Sikuwa nimemwandikia barua. Alinipa mkeka, na asubuhi akanielekeza njia ya kwenda bandarini kutafuta kibarua. Kwa miezi mitatu sikuchangia hata senti moja, na sufuria ya watoto wale ikapungua kwa ajili yangu. Mjomba hakulalamika hata siku moja. Aibu ile ninayo hadi leo.

Ndugu zangu, sikuwa mtoro. Mji huu ulikua kwa reli na mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000. Bei ilipoporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, mashamba yalipunguza watu, na kazi walizotegemea baba zetu zikatoweka. Kijana hufuata riziki iliko.

Tuliwahi kujaribu kuwazuia vijana kwa amri. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na jijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Nia ilikuwa kila mtu afanye kazi, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini wengi walirejea mjini baada ya muda mfupi, kwa kuwa sababu iliyowaondoa kwao haikuwa imeondolewa. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu wapatao 843,000 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wamezaliwa huko huko, lakini wengi pia walitoka katika miji kama huu wetu.

Basi wajibu wetu ni upi? Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitukumbusha kwamba shule imwandae mwanafunzi kwa maisha atakayoishi kweli, wala si kwa mtihani peke yake. Ikiwa maisha hayo yatakuwa ya mjini, hapana budi tumweleze ukweli wake. Aambiwe kwamba mwenye nyumba huweza kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Aambiwe aripoti kwa mjumbe na Serikali ya Mtaa, akiwa na barua ya utambulisho. Aambiwe amwarifu ndugu yake kabla ya kupanda basi.

Watumishi wa umma nao wanayo sehemu yao. Kijana asiye na namba ya kitambulisho cha Taifa hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua akaunti kwa urahisi. Kumwambia "njoo kesho" mara tano ni kumpeleka jijini mikono mitupu.

Na msichana anayechukuliwa na mgeni kwa ahadi ya kazi za ndani, nani humuuliza mgeni huyo jina lake na nyumba aendako mtoto? Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tunayo tangu mwaka 2008. Lakini sheria haiwezi kusimama kituo cha basi. Mwalimu anayemjua mtoto yule anaweza.

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Lakini kwao nako kusimkatae. Tukimwaga kijana kwa heshima, siku moja atarudi na ujuzi, au walau atatuma salamu. Tukimwita mtoro, ataona haya kurudi.